Mifarishi Minane

Mama alianza kuishona nilipotimiza ishirini na miwili.
Pamba mpya, ratili nane kila mmoja,
kitambaa chekundu chenye bata wawili wasioachana,
na katika kila pembe karanga mbili na kunazi moja,
maana kwetu "kunazi" na "mapema" hutamkwa sawa:
mapema uolewe, mapema uzae, mapema nipumue.

Ilipofika minane akaifunga kamba nyekundu,
akaipandisha juu ya kabati,
na kabati likabeba mimba nisiyoibeba mimi.

Sasa nina thelathini na mitatu.
Nimepanga chumba Suzhou, ghorofa ya kumi na saba,
dirisha linatazama dirisha.
Kodi nalipa. Balbu nabadilisha mwenyewe.
Mwezi wa tatu nilishikwa na homa, nikajipikia uji,
ukaungua, nikapika mwingine.
(Usinionee huruma. Nakueleza tu.)

Kila mwaka mpya narudi Linyi kwa treni,
na shangazi Guizhen yuko mlangoni,
habari ya safari haulizi:
"Je?"
Neno la herufi mbili,
zito kuliko sanduku langu.

Safari hii alikuja na picha kwenye simu.
Fundi wa lifti, ana gari, ana nyumba,
nyumba haijaisha kulipiwa lakini ina jina lake.
Nikamwuliza: anacheka?
Shangazi akaigeuza simu,
kama vile jibu limeandikwa mgongoni.

Peiwen, tuliyekaa dawati moja,
alifuatwa na magari kumi na mawili meusi,
mahari ikahesabiwa mezani noti kwa noti,
wajomba wakilamba vidole.
Juzi alinipigia kutoka ofisi ya serikali:
ameambiwa angoje siku thelathini ndipo aachike.
"Kuolewa walinipa dakika ishirini," akasema,
akacheka mpaka simu ikaisha chaji.

Alhamisi nakula supu ya kondoo na Zhihang.
Rika letu tumempa mtu wa namna hii jina: mwenzi wa supu.
Si mchumba. Rafiki tu pia si neno lake.
Bakuli likiisha, kila mtu na treni yake.
Siku moja aliivua miwani yangu, akaifuta mvuke,
tukanyamaza wote wawili
kama watu walioona pochi njiani
na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinama.
Sijui. Labda.
Lakini hiyo labda ni yangu,
hakuna wa kuifunga kamba.

Usiku wa tatu wa sikukuu theluji ilianguka.
Nikasema: "Mama, kule hakuna mabomba ya joto.
Nalala na koti.
Naomba mfarishi mmoja."

Hakujibu. Alimaliza kumenya chenza,
akapanga maganda juu ya jiko yanukie,
kisha akapanda kiti, na goti lake lile,
nami nikashika miguu ya kiti.
Kamba ilikuwa imeoza. Ilikatika kabla ya mkasi.

Tulikwenda kuukung'uta uani.
Karanga zikadondoka kwenye theluji,
nyepesi, zimekauka kama meno ya utotoni,
na kunazi zilizosinyaa, nyeusi.
Mama akazitazama.
Nikajikaza: nililijua neno linalokuja,
nimeliona likikomaa miaka kumi na mmoja.

Akasema:
"Mimi nilikuwa na ishirini na mmoja.
Hakuna aliyeniuliza kama nasikia baridi."
Akaingia ndani, akaniacha na ufagio.

Asubuhi alinibebesha miwili.
Mmoja wa kulalia, mmoja wa kujifunika,
nisifikirie vingine.
Sita imebaki juu ya kabati.
Ameifunga kamba mpya, nyekundu vilevile.

Suzhou, usiku wa kwanza, joto limenikolea,
nikahisi kitu kigumu ubavuni.
Karanga moja. Imo pembeni, ndani ya mshono.
Hakuiona, au aliiona.
Sikuitoa.
Nililala upande wa pili.